Milioni 108 za Antoine Walker na saini zilizozimaliza

Antoine Walker, mchezaji wa kikapu wa Marekani, alilipwa mishahara ya zaidi ya dola milioni 108 katika misimu 12 ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya huko. Mwezi Mei 2010, akiwa na miaka 33, alifungua shauri la kufilisika huko Florida. Karatasi za mahakama zilionyesha mali za dola milioni 4.3 na madeni ya dola milioni 12.7. Nyumba yake ya Miami peke yake ilikuwa na thamani ya milioni 2.3, na juu yake kuna mkopo wa milioni 3.6.

Kila habari hii inapozuka kijiweni, swali ni lile lile: alizila vipi? Na majibu hayabadiliki: magari, saa za almasi, kamari. Vyote hivyo vilikuwepo, mwenyewe hakuvificha. Lakini mimi nimeishi Massachusetts tangu enzi anavaa jezi namba 8 ya Boston Celtics, na kazi iliyonilisha miaka mingi ni kukaa mezani na Waswahili wenzangu, nikiwajazia fomu za kodi na kuwasomea mikataba ya mikopo kabla hawajaisaini. Nimeifuatilia habari ya Walker kuliko ya mchezaji mwingine yeyote, nikasoma mahojiano yake kila yanapotoka. Ninachokiona ni kwamba sehemu kubwa ya fedha zile haikuliwa. Ilikwenda kwa saini.

Walker ni mtoto wa Chicago, upande wa kusini, kwa mama aliyelea watoto wake peke yake. Alisoma sekondari ya Mount Carmel, akaenda Chuo Kikuu cha Kentucky chini ya kocha Rick Pitino, wakachukua ubingwa wa vyuo mwaka 1996. Mwaka huo huo, akiwa amesoma miaka miwili tu, akaingia NBA. Katika zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, Celtics wakamchukua, wa sita katika orodha nzima. Ule mwaka ndio walioingia Allen Iverson, Kobe Bryant, Ray Allen na Steve Nash, kwa hiyo kuchukuliwa wa sita mbele ya baadhi ya hao si jambo dogo.

Timu aliyoikuta ilikuwa hoi. Msimu wake wa kwanza Celtics walishinda michezo 15 na kupoteza 67. Yeye, kijana wa miaka 20, ndiye aliyewafungia pointi nyingi kuliko wote. Sisi tuliokuwa tunabeba boksi Lynn na Lowell, miji ya hapa Massachusetts, tulimpenda kwa sababu hiyo. Wengi wetu tulifanya kazi kwenye nyumba za kulelea wazee, zamu ya usiku, ukirudi asubuhi miguu imevimba unakuta wanarudia mchezo wa jana kwenye televisheni. Walker akifunga kikapu kizuri anatikisa mabega, anacheza pale pale uwanjani, na chumba kizima kinalipuka. Tulimlaumu pia. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 8 au 9, mtu wa kupigana chini ya kikapu, lakini alikuwa anapenda kurusha kutoka mbali. Msimu wa 2000–01 aliongoza ligi nzima kwa kufunga mitupo 221 ya pointi tatu. Leo kila mrefu anarusha kutoka mbali na anasifiwa. Yeye alizomewa.

Mchezo ambao sitausahau ni wa tarehe 25 Mei 2002, fainali ya ukanda wa mashariki dhidi ya New Jersey Nets. Robo ya tatu inakwisha, Celtics wako nyuma kwa pointi 21. Watu wameanza kuzima televisheni. Kabla ya robo ya nne kuanza, kamera ikamwonyesha Walker katikati ya wenzake, mishipa ya shingo imemtoka, anawafokea usoni mmoja mmoja. Hatukusikia alichosema. Tulichokiona ni Paul Pierce na wenzake wakirudi uwanjani kama timu nyingine kabisa, na mchezo ukaisha 94 kwa 90, Celtics wameshinda. Mfululizo ule hatimaye waliupoteza, lakini usiku ule Lynn hapakulalika. Nautaja kwa makusudi. Wanaomsimulia Walker siku hizi humwanzia kwenye pingu, na mtu yule alikuwa kiongozi.

Sasa twende kwenye fedha.

Mwaka 1999 alisaini mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 71. Pale chumbani tuligawa kwa vidole: karibu milioni 12 kwa mwaka, milioni moja kila mwezi. Hesabu ya watu waliokuwa wakilipwa kwa saa! Nilipoanza kufanya kazi kwenye ofisi ya kodi ndipo nilipoanza kuiona namba ile kwa jicho lingine. Kiwango cha juu cha kodi ya serikali kuu wakati ule kilikuwa asilimia 39.6. Ongeza kodi ya jimbo la Massachusetts. Ongeza majimbo mengine, maana mchezaji akienda kucheza Los Angeles au New York, jimbo lile linahesabu siku alizofanya kazi kwao na kudai chake. Wakala wakati ule aliruhusiwa kukata hadi asilimia 4. Ukimaliza kutoa vyote hivyo, katika kila dola mbili mchezaji anabaki na moja, pengine na ushee kidogo. Kwa hiyo Walker hakuwahi kuzishika milioni 108 mkononi. Alishika kama nusu yake. Ni fedha nyingi mno bado, lakini watu wote waliomzunguka, kuanzia ndugu hadi mabenki, walimhesabia zile 108, na yeye mwenyewe, kijana wa miaka 23, aliishi kama mwenye 108.

La pili ni muda. Mwalimu wa Tanzania anastaafu na miaka 60. Anapandishwa daraja polepole, na makosa yake ya ujanani anayafanya kwa mshahara mdogo. Mchezaji wa kikapu anapata mshahara wa maisha yake yote kati ya miaka 20 na 32, kipindi ambacho binadamu yeyote ana akili kidogo kuhusu fedha, kisha mrija unafungwa. Wa Walker ulifungwa Desemba 2008. Memphis Grizzlies walimwacha, na hakurudi tena NBA.

Kabla ya hapo alikuwa amehamishwa sana. Oktoba 2003 Celtics walimpeleka Dallas. Mwaka uliofuata akaenda Atlanta, Februari 2005 akarudi Boston kwa miezi michache, kisha Miami Heat, ambako alisaini mkataba wa dola milioni 53 na mwaka 2006 akatwaa ubingwa pamoja na Dwyane Wade na Shaquille O'Neal. Kila mji alioondoka aliacha kitu kinachoendelea kudai: nyumba, watu, ahadi.

Kuhusu watu, nataka nieleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo Waswahili tunapojidanganya kwamba habari hii ni ya Wamarekani. Walker alitoka Chicago na marafiki wa utotoni, akatembea nao, akawalipia. Alimjengea mama yake nyumba kubwa nje ya mji. Magazeti yaliwaita wale marafiki wapambe, na pengine baadhi yao walikuwa hivyo kweli. Lakini mtu aliyekulia mahali ambapo mama mmoja analisha watoto wengi, akipata fedha akaacha wenzake nyuma, angeitwaje? Nimekaa na watu wa Moshi, wa Mombasa na wa Bukavu waliokuwa wanalipwa dola 12 kwa saa, na simu zao zilikuwa zinalia saa kumi na moja alfajiri kama za Walker. "Habari za huko mwanangu? Sisi huku wazima, ila…" Baada ya hiyo "ila" inakuja ada ya shule, bati za kuezeka, au mgonjwa aliyezuiwa hospitali mpaka bili ilipwe. Kila ombi ukilipima peke yake ni la haki. Huwezi kumkuta mama mdogo anapiga mzinga wa kijinga.

Tatizo nimeliona kwenye karatasi, mwaka baada ya mwaka, msimu wa kodi ukifika na tukaweka risiti za Western Union mezani. Mtu anaanza kwa kumsaidia ndugu jambo moja. Miaka mitatu baadaye lile jambo limegeuka mshahara wa ndugu, unaotegemewa tarehe fulani ya kila mwezi, na hakuna aliyewahi kukaa akasema utakwisha lini. Mkataba wa Walker na Miami ulikuwa na tarehe ya mwisho. Mikataba yake na watu wake haikuwa nayo. Mwenyewe amekuwa akisema katika mahojiano kwamba kukataa watu wake kulimshinda, na namwamini, kwa sababu nimewaona watu wazima wakitokwa na machozi ofisini kwangu kwa jambo hilo hilo.

Hata hivyo, marafiki na nyumba ya mama visingemfikisha mahakamani. Kilichomfikisha ni jambo ambalo kila mshauri humwambia mchezaji kijana alifanye. Aliwekeza. Alianzisha kampuni ya nyumba za kupangisha, Walker Ventures, ikawa inanunua majengo Chicago, kule kusini alikozaliwa. Walker mwenyewe amesema kwamba fedha nyingi alizipoteza huko na si kwenye kamari, kwa sababu mikopo ya kampuni aliidhamini yeye binafsi. Watu wengi wanalisoma jambo hilo na kulipita. Mimi nikilisoma namkumbuka mtu wa Tanga aliyekuwa jirani yangu.

Jirani yangu alikuwa mchapakazi hasa, zamu mbili kwa siku, hana anasa yoyote. Shemeji yake alikuwa amefungua kampuni ya kununua nyumba zile za mbao za ghorofa tatu zilizojaa Lynn na Lawrence, anakarabati, anapangisha. Mwaka 2006 nyumba zilikuwa zinapanda bei kila mwezi na benki zilikuwa zinakopesha kama zinagawa njugu. Shemeji akaomba jirani yangu aingie kama mshirika mdogo. Akaja kwangu Jumapili moja na bahasha ya kaki, tukaimwaga mezani jikoni. Mkataba wa mkopo ulikuwa mnene. Nikauanzia nyuma, kama ninavyofanya siku zote, kwa sababu mambo mazito huwekwa nyuma.

Ukurasa wa mwisho kabisa ulikuwa na kichwa chake peke yake, tofauti na mkataba wenyewe. Pale juu, kwenye mkataba, nafasi ya saini ilikuwa na jina la kampuni, na chini yake cheo: mshirika. Kwenye ule ukurasa wa mwisho hapakuwa na jina la kampuni wala cheo. Mstari mtupu, na chini yake jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Maana yake ni kwamba kampuni ikishindwa kulipa, benki haina haja ya kuhangaika na kampuni. Inakuja kwake: kwenye mshahara wake, akaunti yake, gari lake. Na inaweza kudai deni lote, hata kama hisa zake kwenye kampuni ni sehemu ya kumi. Nikaweka kidole pale, nikamwambia, "Kaka, hapa wewe ndiye kampuni."

Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Sasa nitamwambiaje shemeji?"

Akasaini. Miaka miwili baadaye bei zikaporomoka, wapangaji wakapoteza kazi, kodi ya nyumba ikawa hailipwi. Benki ikazichukua zile nyumba, ikaziuza kwa hasara, na upungufu ukamwangukia yeye. Alikatwa mshahara kila wiki kwa amri ya mahakama. Shemeji alikuwa ameshahamia jimbo lingine. Kampuni, kama kampuni, ilikuwa imekwisha kufa, na haikudaiwa na mtu.

Mvua ile ile ya 2008 ndiyo iliyomnyeshea Walker, ila yeye alikuwa amesaini mara nyingi zaidi na kwa namba kubwa zaidi. Soko la nyumba lilipoanguka, mabenki yalimfungulia kesi yeye kwa jina lake. Majengo yaliyokosa matengenezo yakapelekwa mahakama ya nyumba ya jiji la Chicago, wapangaji wakilalamikia hali mbaya, na magazeti yakaandika jina la bingwa wa NBA juu ya picha za ngazi mbovu. Hili nalo liliniuma, kwa sababu waliokuwa wanaishi mle ni watu wa mtaa wake mwenyewe. Kampuni ilikuwa na watu wa kuisimamia, lakini mchezaji anayecheza michezo 82 kwa msimu, leo Minneapolis kesho kutwa Denver, hawezi kujua bomba gani limepasuka Chicago.

Kamari sitaipamba. Walker alicheza sana, kwa miaka, na kwa dau kubwa. Pale Nevada, kasino inamkopesha mteja mkubwa kwa karatasi ambayo kisheria inahesabiwa kama hundi, kwa hiyo asipolipa, deni linageuka jinai. Kati ya Julai 2008 na Januari 2009 aliandika hundi 10 za dola 100,000 kila moja kwa kasino tatu za Las Vegas, na hazikuwa na fedha. Alibaki anadaiwa dola 822,500. Julai 2009 akakamatwa ndani ya kasino karibu na Lake Tahoe, alikokwenda kwenye mashindano ya gofu ya watu maarufu. Mwaka 2011 alikiri kosa mahakamani, akawekwa chini ya uangalizi na kuamriwa kulipa deni lililobaki.

Tazama tu tarehe. Hundi zinaanza kiangazi cha 2008, wakati nyumba zinaanguka na mpira unamwisha. Sisemi moja lilizaa lingine, alianza kucheza kamari siku nyingi kabla ya hapo. Nasema kwamba kijiweni tunapenda kulianzia jambo la kamari kwa sababu linaturuhusu kusema, mimi sichezi kamari, basi niko salama. Jirani yangu wa Tanga hajawahi kuingia kasino. Ni mtu wa swala tano.

Walker alirudi uwanjani. Mwanzoni mwa 2010 alicheza Puerto Rico, kisha, baada ya kufilisika, akaenda Boise kuichezea Idaho Stampede, timu ya ligi ndogo ya NBA, kuanzia mwishoni mwa 2010 hadi 2012. Mshahara wa ligi ile haukufika dola 30,000 kwa msimu mzima. Mtu aliyekuwa akilipwa zaidi ya hizo kwa robo moja ya mchezo anapanda ndege za daraja la kawaida na vijana waliokuwa shule ya msingi alipoanza kazi. Pete yake ya ubingwa wa 2006 alishaiuza. Wapo waliomcheka. Mimi wakati ule ndipo nilipoanza kumheshimu upya, kwa sababu nimeona watu wengi wanaodaiwa, na wengi hujificha.

Hakuwa peke yake, hata kwenye chumba chake cha kubadilishia nguo. Msimu wa 2002–03 Celtics walimleta Vin Baker, mtu wa Connecticut, nyota wa zamani wa Milwaukee na Seattle, aliyelipwa jumla karibu milioni 100 katika maisha yake ya mpira. Pombe ilimvunja, mgahawa wake ukafa, nyumba ikachukuliwa. Mwaka 2015 watu wa New England walimkuta kwenye duka la kahawa la Starbucks huko Rhode Island, anajifunza kazi ya umeneja. Baker naye aliinuka. Aliacha pombe, akarudi Milwaukee kama kocha msaidizi, na alikuwa kwenye benchi walipochukua ubingwa wa 2021. Wachezaji wawili, timu moja, msimu mmoja, mishahara ya maisha inayofika kama milioni 200, na wote wawili chini.

Kwa upande mwingine yuko Iverson, wa kwanza kuchukuliwa mwaka ule wa 1996. Naye aliandamwa na habari za madeni. Lakini Reebok, kampuni ya viatu iliyokuwa na makao yake hapa Massachusetts, ilimwekea mfuko ambao taarifa zilizochapishwa zinasema una dola milioni 32, na hawezi kuugusa kabla ya kutimiza miaka 55, yaani 2030. Saini yake ya leo haiwezi kuufungua. Pensheni ya ligi nayo ina ulinzi wa namna hiyo. Mchezaji aliyetimiza misimu mitatu anaipata, na kwa sheria za Marekani wanaomdai mufilisi hawaruhusiwi kuichukua. Nikitazama waliosalimika, wengi walisalimishwa na fedha ambazo wao wenyewe hawakuwa na uwezo wa kuziwekea saini.

Miezi sita baada ya Memphis kumwacha Walker, Juni 2009, timu hiyo hiyo ilimchukua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, wa pili katika orodha nzima, Mtanzania wa kwanza kufika NBA. Furaha yetu ilikuwa kubwa mno. Nakumbuka pia kwamba mazungumzo yalihamia haraka sana kwenye namba. Harusini, msibani, watu ambao hawajawahi kumwona walikuwa wanamgawia mshahara wake. Nilijikuta namfikiria kijana yule, na simu yake.

Walker siku hizi anazunguka kuzungumza na wachezaji chipukizi. Aliwahi kufanya kazi hiyo na kampuni ya fedha ya Morgan Stanley, anawaambia wazi kilichomkuta, kwa namba. Ni kazi njema, na wachezaji wanamsikiliza kwa sababu anawaambia mtu aliyepitia. Wasiokuwepo chumbani ni wale wanaopiga simu.

Hilo limenigusa karibu. Kuna kijana wa Upanga, mtoto wa rafiki yangu, aliyekuja New England kusoma kwa kipaji cha kikapu. Alipomaliza chuo akapata klabu ya daraja la pili Ulaya. Akaja nyumbani na mkataba kwenye simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Leta tuone."

Mkataba wenyewe ulikuwa wa kawaida. Miezi kumi, mshahara uliokwisha kukatwa kodi, chumba wanakupa wao, tiketi mbili za ndege. Nikamwonyesha kwamba miezi miwili ya kiangazi hana mshahara wala chumba, kwa hiyo fedha ya miezi kumi lazima igawanywe kwa kumi na mbili, na hapo bado hatujaweka akiba ya goti. Alinielewa upesi. Kisha akafungua ujumbe mwingine. Mjomba wake wa Dar, kaka yake mama, alitaka kununua Coaster ya pili, benki imesema inahitaji mdhamini mwenye kipato cha nje. Fomu alishatumiwa. "Ni kusaini tu, mjomba. Hatoi mtu hela."

Nikamwomba ampigie mama yake.

Tulizungumza naye kwa WhatsApp kama saa nzima. Nilimsimulia habari ya Walker, nikamsimulia na ya jirani yangu wa Tanga. Hakunikatiza. Aliuliza maswali mazuri kuliko niliyoulizwa na wasomi wengi: kijana akiumia, benki inasubiri? Coaster ikipata ajali, bima inalipa nani kwanza? Nilipomjibu, akakaa kimya kidogo, halafu akamwambia mwanawe, "Ada ya wadogo zako nitakuomba, na nitakuambia inakwisha lini. Hiyo fomu futa. Mjomba wako akikuuliza, mwambie mama amekataa. Na mimi nitamwambia hivyo hivyo, kwake, leo."

Alikwenda jioni ile ile. Mjomba alinuna, hakupokea simu za dada yake kwa wiki kadhaa. Baadaye akakopa kwenye SACCOS yake, kwa dhamana ya kiwanja chake mwenyewe cha Mbagala, fedha pungufu ya alizotaka, akanunua Coaster iliyotumika. Kijana ameanza msimu wake wa pili Ulaya.